Laangosh: pa kula, na pa kuuliza kwanza

Naandika kutoka Szeged. Najua nimekuwa kimya. Mitihani, mazoezi ya kufundisha, mitihani tena. Lakini niko, nashukuru, na leo nataka kulimaliza swali moja ambalo naulizwa kila Septemba wanafunzi wapya wanaposhuka Budapest na mabegi yao makubwa: lángos nzuri iko wapi?

Wengine wakishauliza hilo wanaangalia huku na huku, kisha wanauliza la pili kwa sauti ya chini: na je, inaliwa? Yaani ni halali? Nitajibu yote mawili kwa pamoja. Swali la pili ndilo lililonionyesha jibu la lile la kwanza, mtaona.

Kwanza tamko. Herufi s ya Wahungari ni sh yetu, na ile á ni a ya kuvuta. Basi lángos ni "laangosh". Wakitaka s yetu wanaandika sz, ndiyo maana mji wangu ni "Seged". Mwaka wangu wa kwanza hapa ulikuwa wa lugha tu, kabla sijaanza ualimu wenyewe, kwa hivyo niruhusuni nijigambe kidogo.

Kwa mtu wa Mombasa njia rahisi ya kuielewa lángos ni kuanzia kwa hamri. Hamri lina tui, lina iliki, lina sukari, na ndani limefura lina nafasi ya kutia mbaazi. Lángos ni binamu yake aliyekulia kwenye baridi. Tui hakuna, iliki hakuna, na sukari ni ile ya kuamshia hamira tu. Chumvi ndiyo inayotawala. Wapo wanaotia viazi vilivyopondwa ndani ya unga, hiyo huitwa krumplis lángos, nayo inakuwa laini zaidi na inashibisha hasa. Donge lake ni tepetepe, halikubali kusukumwa kwenye kibao kama chapati. Muuzaji anajipaka mafuta mikononi, anachukua donge, analivuta kwa vidole polepole mpaka katikati panakuwa pembamba kama ngozi ya ngoma na pembeni panabaki panene. Kisha ndani ya mafuta ya moto, dakika chache upande huu, dakika chache ule. Inatoka imejaa malengelenge, rangi ya dhahabu, kubwa kama sahani ya pilau.

Halafu inapakwa. Kwanza maji ya thomu, ambayo ni maji yenye thomu iliyopondwa na chumvi, yanakaa kwenye chupa ya jam na brashi ndani yake. Juu yake tejföl, ambayo ni malai yaliyochachuka, mazito. Juu ya hiyo jibini ya kukuna, mara nyingi ile waitayo trappista. Hiyo ndiyo sajtos-tejfölös, na ukimuuliza Mhungari yeyote akutajie lángos, hiyo ndiyo atakayoitaja. Unailia mkononi kwenye karatasi, malai yakikushuka mpaka kwenye kiwiko. Usivae nguo nyeusi.

Jina linatokana na láng, mwale wa moto. Zamani vijijini mkate ulipikwa siku maalumu, kwa tanuri la kuni. Mama mwenye nyumba alikata kipande cha lile donge la mkate, akakitandaza, akakiweka mdomoni mwa tanuri karibu na miale kabla mikate yenyewe haijaingia. Hicho kilikuwa kiamsha kinywa cha siku ile, watoto wakikigombania. Kwa hivyo asili yake lángos ni ya kuokwa. Matanuri ya nyumbani yalipopotea na watu wakaanza kununua mkate dukani, ikahamia kwenye karai, ikatoka jikoni, ikaenda sokoni na kwenye fukwe za maziwa. Ukizunguka vizuri bado utapata sehemu wanaioka, lakini wengi wetu tunayoijua ni ya kukaanga.

Sasa hapo kwenye kukaanga ndipo tabu yetu ilipo. Jiko la Kihungari limejengwa juu ya zsír, mafuta ya nguruwe. Vibanda vingi siku hizi vinatumia mafuta ya alizeti, lakini si vyote, na wapo wanaoamini kabisa kwamba lángos bila zsír haijawa lángos. Tena kuna wanaotia kijiko cha zsír ndani ya unga wenyewe, hata kama karai lina alizeti. Ukiangalia kwa macho hutajua. Harufu inasaidia kidogo, lakini harufu si ushahidi.

Nina shoga yangu, mtu wa Lamu, alikuwa akisoma Debrecen. Jina lake halinihusu kulianika hapa. Miaka mitatu ndani ya Hungary hakuwahi kutia lángos mdomoni. Tulipokuwa tukienda kutembea, sisi wengine tunakula, yeye anashika chupa yake ya maji anaangalia watu. Hakulalamika hata siku moja, ila ukimjua unajua. Alipobakiza wiki mbili kurudi nyumbani akaniambia, "Dadangu, nitaulizwa kwetu nilikula nini huku, nitasema nilikula wali wangu mwenyewe miaka mitatu." Alicheka aliposema, mimi sikucheka.

Tukapanga Jumamosi. Treni ya Szeged na treni ya Debrecen zote huingia Budapest kwenye stesheni ya Nyugati, lile jumba la chuma na vioo lililojengwa na kampuni ya Eiffel, yule yule wa mnara wa Paris, likafunguliwa mwaka 1877. Kila mmoja zaidi ya saa mbili njiani, nauli nusu kwa kitambulisho cha mwanafunzi. Tukakutana chini ya saa. Tukakubaliana sharti moja: hatununui mpaka tuulize, na tunauliza kwa Kihungari.

Maneno yenyewe ni haya, yaandikeni mahali: "Olajban sütik vagy zsírban?" Mnakaanga kwa mafuta au kwa zsír? Na la pili: "Van zsír a tésztában?" Kuna zsír ndani ya unga? Hayo tu. Yana thamani kuliko kitabu chochote cha watalii.

Kibanda cha kwanza (sikitaji) kijana aliyekuwa pale alituambia hajui. Donge huletwa asubuhi kwenye gari likiwa tayari limekatwa, yeye kazi yake ni kukaanga. Mafuta? Akainua mabega. Na kwa kweli hata lángos zenyewe zilikuwa zimepangana chini ya taa ya kupasha moto, ngumu, kama zimekasirika. Kibanda cha pili mzee alitujibu kwa fahari, kifua mbele: zsír bila shaka, mimi si mhuni! Tukamshukuru. Namheshimu yule mzee, anajua anachokipika, na kama wewe huna kizuizi hicho pengine kwake ndiko ungekula vizuri zaidi siku ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Anayejua jibu ndiye anayekanda unga mwenyewe. Asiyejua anauza kitu cha mtu mwingine. Sisi tulikuwa tukitafuta halali, kumbe swali lile lile linatuchujia pia nzuri na mbaya.

Tulimaliza kwenye soko la Lehel, kituo kimoja tu cha metro kutoka Nyugati, mstari wa M3. Jengo lake ni la ajabu, la mwaka 2002, alilichora László Rajk: rangi nyekundu, buluu, njano, mabomba nje, unaweza kudhani ni meli iliyokwama katikati ya mji. Watu wengi wa Budapest wanalitukana. Mimi nalipenda kwa sababu ndani hakuna mtu anayepiga picha, ni akina mama na mikokoteni yao ya kitambaa wananunua viazi na matango ya kuchachusha. Huko mama mmoja mtu mzima, wa kuitwa néni kwa heshima kama sisi tunavyosema shangazi, alituangalia vitambaa vyetu vya kichwa kabla hatujafungua mdomo, akatoa chupa ya alizeti chini ya meza akaiweka mbele yetu. Swali la unga akalijibu pia: unga, maji, maziwa kidogo, hamira, chumvi. Zsír? "Nincs." Hakuna. Shoga yangu akauliza tena, taratibu, kuhusu kisu na ubao, maana pembeni palikuwa na soseji. Néni hakukasirika. Akachukua sahani nyingine, akaosha mikono, akavuta donge jipya.

Mwenzangu alikula ile lángos amesimama, kimya, mpaka ukingo wa mwisho. Kisha akaagiza nyingine.

Msiniulize ni kibanda namba ngapi. Wauzaji hubadilika na karai hubadilika mafuta, leo alizeti, mwakani pengine kitu kingine. Ulizeni wenyewe kila mara, hata mahali mlipokula mwezi uliopita.

Sasa kwa wale wanaotaka ramani, hii ndiyo yangu, nayo ni maoni yangu tu. Soko Kuu la Fővám tér ndilo kila mtu atakalokupeleka. Jengo ni zuri sana, la mwaka 1897, kazi ya Samu Pecz, na vigae vya paa vyake vya rangi ni vya Zsolnay. Nendeni mkalione. Nunueni paprika kwa ajili ya nyumbani. Lakini ghorofani kwenye ule ujia mwembamba wa vyakula ni msukumano wa wageni, na lángos huko zinarundikiwa vitu juu mpaka huoni mkate wenyewe: mahindi, uyoga, nyanya, soseji, kila kijiko kina bei yake. Anayekula pale anakula mapambo. Mahali kwingine, kusini kidogo kwa M3 kutoka Nyugati, karibu na kituo cha Arany János utca, kuna Retró Lángos, maarufu, na foleni yake ni ya wageni na wenyeji pamoja. Ni sawa kabisa kwa mtu mwenye saa moja tu mjini. Ng'ambo ya Danube, upande wa Buda, karibu na Széll Kálmán tér, kuna soko la Fény utca. Lángos ya ghorofani pale wenyeji wanaisifu sana, nami nawaunga mkono. Tena asubuhi utasimama nyuma ya wazee waliovaa vizuri kama wanakwenda kanisani, na hiyo kwangu ni dalili njema.

Na kwetu Szeged? Mars tér, soko lililo pamoja na stendi ya mabasi. Jumamosi mapema, kabla ya saa nne. Wakulima wa vitunguu na paprika wameshamaliza kushusha mizigo, wana njaa, nao hawali upuuzi. Yeyote anayewalisha watu wale kila wiki hawezi kuwa mpishi mbaya. Jumapili msijisumbue, masoko mengi hayafunguki au hufunga mapema sana.

Najua kuna mtu atasema: na Balaton je? Kweli, sijaitaja Balaton, na Mhungari akisoma hapa angenikatia tamaa. Nchi haina bahari, kwa hivyo lile ziwa, refu kilomita 77, wanaliita bahari ya Hungary. Upande wa kusini, kama Siófok, maji ni mafupi mpaka unatembea na kutembea bado yako magotini. Lángos ya ufukweni, umelowa, mchanga miguuni, mafuta mkononi, kwao ndiyo utoto wenyewe. Mtu mzima wa miaka sitini atakueleza lángos ya Balaton kama sisi tunavyoeleza viazi karai vya Lighthouse jioni, na uso unabadilika anapoeleza.

Lakini tuongee pesa, maana sisi ni wanafunzi. Kila kiangazi magazeti hapa huandika bei ya lángos ya Balaton kama kwetu wanavyoandika bei ya unga. Ni kipimo cha taifa. Januari 2023 mfumuko wa bei ulifika asilimia 25.7 kwa mwaka, juu kuliko nchi nyingine zote za Umoja wa Ulaya, na vyakula vilipanda zaidi ya hapo, maziwa na jibini vikiwemo. Sasa lángos ni nini kama si unga, mafuta, malai na jibini? Ufukweni moja ya sajtos-tejfölös imeshapita forinti 2,000 mahali pengi. Posho ya Stipendium Hungaricum kwa sisi wa shahada ya kwanza kwa miaka mingi imekuwa forinti 43,700 kwa mwezi, mbali na hosteli. Gawanyeni. Mwezi mzima ni lángos ishirini na moja na chenji, na hujanunua sabuni. Hiki kilikuwa chakula cha mabaki ya unga wa mkate, jamani! Chakula cha mtoto kusubiri mkate uive!

Na si sisi wageni tu. Pale Mars tér siku moja mbele yangu alikuwa mzee amevaa koti lililofuliwa mpaka limepauka. Zamu yake ilipofika akasema, "Egy simát kérek." Nikageuka nyuma kwa mshtuko, nikidhani kuna mtu wa Kisauni kwenye foleni anaagiza sima na mchicha! Kumbe kwa Kihungari sima ni kitu kisicho na nakshi, kitupu. Sima lángos ni ile isiyopakwa jibini wala malai. Muuzaji alimpa, kisha bila kusema neno akaipitisha brashi ya thomu juu yake mara mbili. Mzee akainamisha kichwa kidogo. Akahesabu sarafu moja moja mezani.

Tangu siku ile na mimi naagiza sima na thomu. Bei huwa nafuu sana kuliko ile yenye jibini, na siri ni kwamba ukiila bila kufunikwa ndipo unajua kama unga umekandwa na mtu anayejua. Katikati inavunjika kwa sauti, pembeni inavutika kama mkate mpya, na thomu inakukaa mpaka kesho (usiende kwa mwalimu wako). Jibini inaficha mengi. Ukiona lángos haina ladha mpaka irundikiwe, ondoka.

Vitu vingine ninavyoangalia ni vichache. Donge lazima niliione likivutwa baada ya mimi kuagiza. Ikiwa zimeshakaangwa zinasubiri, nasema "köszönöm", naenda zangu. Mafuta yakiwa meusi, naenda zangu. Na namsalimia muuzaji kwanza. Watoto wa hapa humsalimia mkubwa kwa "csókolom", maana yake nakubusu mkono, shikamoo kabisa! Mimi nimeshapita umri huo, lakini nikimwona néni wa makamo ya nyanya yangu huwa naitumia makusudi, na sijapata lángos ndogo hata siku moja.

Kwa wale ambao bado roho haiwaruhusu kula nje, jikoni hosteli inawezekana. Unga nusu kilo, hamira kavu gramu 7, maziwa ya vuguvugu na maji jumla kama mililita 300, chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, sukari ya kuamshia. Uwe mlaini kuliko wa mahamri, usiongeze unga kwa hofu. Ufunike saa nzima. Ramadhani tulizikaanga kwa futari ghorofa yetu, tukala na Waturuki na Wasiria, na mlinzi wa hosteli aliyekuja kuuliza moshi ni wa nini akaondoka na mbili kwenye karatasi.

Shoga yangu amesharudi Lamu. Wiki iliyopita kaniletea picha: kazikaanga nyumbani, kwa karai la nyanya yake. Malai ya kuchachuka hakupata, kapaka mtindi wa kuchuja. Jibini kaiona bei akairudisha. Thomu ameitia ya kutosha. Nyanya yake kaonja, katafuna, kanyamaza kidogo, kisha kauliza ni nani aliyesahau sukari kwenye mahamri.